Siku Lucius Aliporudi Palm Springs

Ozella Tarver alimdanganya kaka yake kwa simu, tena bila kupepesa macho. Alimwambia kwamba goti lake la kulia linakwenda kupasuliwa, kwamba daktari hatamruhusu kurudi nyumbani kama hana mtu wa kumwendesha gari na kumchemshia supu, na kwamba marafiki zake wote wa Palm Springs wamesafiri. Katika hayo yote, la kweli lilikuwa moja tu: alikuwa na goti.

Lucius alikuwa upande wa pili wa simu, huko Oakland. Ozella alimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni kila alipobanwa.

"Los Angeles hakuna hospitali?"

"Zipo. Lakini mimi naishi huku."

"Na nani alikutuma uishi huko?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake tangu Ozella alipostaafu uuguzi, akauza nyumba yake ya Los Angeles na kununua kijumba cha vyumba viwili chini ya mlima, katika mji uleule walikofukuzwa wakiwa watoto. Walizaliwa pale wote wawili, katika mtaa ulioitwa Sehemu ya Kumi na Nne, katikati kabisa ya mji. Ardhi ilikuwa ya Wakahuila, wenyeji wa jangwa lile. Watu weusi na Wameksiko waliokuwa wakifua, wakipika na kujenga kwa ajili ya matajiri waliokuja kuota jua walikodi viwanja kwa Wakahuila, wakajijengea vijumba vyao wenyewe. Ozella alikuwa na miaka tisa na Lucius kumi na minne siku waliyotoka shule wakakuta tingatinga la manispaa limeshapita, na mbao za chumba chao zinaungua pamoja na za majirani. Familia ikahamia Banning, halafu Los Angeles. Lucius alipokuwa mtu mzima akaenda mbali zaidi, akatengeneza injini za mabasi mpaka alipostaafu, na tangu siku ile ya moto hakutia tena mguu Palm Springs. Hata walipopita barabara kuu kwenda kwenye mazishi ya shangazi yao Phoenix, aligeuza shingo upande wa mitambo ya upepo, akaitazama mpaka mji ulipobaki nyuma.

Lakini dada ni dada. Akaja.

Uwanja wa ndege wa Palm Springs hauna haja ya paa kila mahali. Abiria hutoka kwenye ndege wakapita uani, kwenye nyasi na mitende, jua likiwapiga usoni. Lucius alitokea huko amevaa koti zito la Oakland na kofia ya sufu, anatembea taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya watu wasiompenda. Kisha akamwona dada yake. Ozella alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa, na kwa furaha alisahau kabisa alichosema kwenye simu. Alimkimbilia.

Lucius akasimama. Akamtazama goti, akamtazama uso, akarudia goti.

"Wewe Ozi."

"Kaka."

"Goti liko wapi?"

"Hili hapa."

"La kupasuliwa liko wapi?"

"Daktari ameahirisha," alisema Ozella, kisha kicheko kikamponyoka mwenyewe kabla hajamaliza uongo wa pili.

"Mwongo mkubwa wee! Mwanamke mzima, miaka sabini, muuguzi, unamdanganya mzee mwenzako kwa magonjwa!" Watu waligeuka. "Nimeacha paka wangu kwa jirani ninayemchukia!"

"Ndege ya kurudi ni Jumatatu. Vumilia, utakula vizuri."

Aliponuna, Lucius alinuna kwelikweli. Garini alijivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Ozella alipita kwa makusudi barabara ya mitende mirefu, theluji ikimeremeta juu ya mlima San Jacinto huku chini watu wakitembea na kaptura, lakini kaka yake alitazama viatu vyake. Alipomnunulia maziwa ya tende yaliyopigwa na aiskrimu, aliyanywa yote mpaka mrija ukakoroma, kisha akasema ni matamu mno.

Kesho yake, Jumamosi, Ozella alikuwa na zamu. Kila Februari wapenda majengo humiminika Palm Springs kutoka kila pembe, na wenye nyumba za zamani, zile za miaka ya hamsini na sitini zilizojengwa kwa vioo na chuma na mapaa ya ajabu, hufungua milango yao wageni waingie. Ozella hujitolea kusimama mlangoni na fulana ya wakaribishaji, akiwavalisha watu soksi za karatasi juu ya viatu na kuwajibu maswali. Ni kazi isiyo na mshahara na aliipenda kuliko zote alizowahi kulipwa. Alipenda jinsi nyumba zile zilivyolala chini, hazishindani na mlima. Alipenda kuingia asubuhi kabla ya wageni, avue viatu, asikie ubaridi wa sakafu ya terazo nyayoni. Mara nyingine alijiuliza mapenzi yale aliyatoa wapi, maana yeye alilelewa katika vyumba vya kupanga vyenye madirisha yanayotazama ukuta wa jirani.

"Twende," alimwambia Lucius. "Siwezi kukuacha hapa uzungumze na friji."

"Nitakaa garini."

"Utakaa utakapotaka."

Nyumba ya zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Efraín Bustos na mumewe Wally Brandvold. Efraín alikuwa mpishi wa hoteli zamani, mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wally alitoka Minnesota, mrefu kama ngazi, na alikuwa mtu wa kutikisa kichwa zaidi ya kusema. Nyumba yao ilikuwa na paa lililoinuka pande mbili kama kipepeo anayetaka kuruka, na mbele yake ukuta wa matofali ya matundu uliopitisha mwanga ukachora maua ya kivuli sakafuni. Lucius aliteremka garini kwa sababu ya joto, akaenda kukaa kwenye kiti cha bustani chini ya banda la gari. Hapo akaganda, mikono imekunjwa kifuani, ameipa nyumba mgongo.

"Mzee wangu, karibu ndani kuna kivuli kizuri zaidi," Efraín alimwambia.

"Hiki kinanitosha."

"Kuna maji baridi ya limau."

"Sina kiu."

Efraín alimtazama Ozella. Ozella akainua mabega. Wakamwachia Lucius kiti chake.

Wageni walikuja kwa makundi. Mama mmoja kutoka Chicago alitaka kujua nani aliishi hapa mwanzo, na Ozella akamweleza: Bi Lindqvist, mjane wa mwenye viwanda vya karatasi, aliijenga nyumba hii aje kupumzika majira ya baridi. Alishasema maneno hayo mara nyingi hata angeweza kuyasema usingizini. Kila alipopata nafasi alichungulia banda la gari. Lucius alikuwa palepale, lakini Ozella aliona kwamba sasa anautazama ule ukuta wa matofali, ameinamisha kichwa upande mmoja.

Mchana ulipofika, kiburi cha Lucius kilikutana na kitu chenye nguvu kuliko kiburi, nacho ni kibofu cha mzee. Alikuja mlangoni uso umemvimba.

"Choo kipo?"

"Vaa hizi kwanza," Ozella akampa soksi za karatasi.

"Mimi sivai—"

"Vaa, kaka, au rudi kwenye kiti."

Alizivaa, ananung'unika, akaingia. Ozella alikuwa anafungua mdomo amwelekeze, kwa kuwa choo cha nyumba ile huwashinda wageni wote. Mlango wake umefichwa ndani ya ukuta wa mbao, hauna kitasa wala ufa, na watu huupita wakirudi mara tatu. Lucius hakumngoja. Alivuka sebule moja kwa moja, akageuka kushoto kwenye kijia, akanyoosha mkono na kuusukuma ukuta chini kidogo ya usawa wa kiuno. Ukuta ukafunguka. Akaingia, akafunga.

Ozella alibaki na boksi la soksi mkononi.

Lucius alipotoka hakuja. Alisimama kwenye kijia, kiganja chake kikiwa bado kwenye mbao, mahali palepale alipousukuma. Alikuwa anaitazama sebule kama mtu aliyeitwa jina lake na asijue sauti inatoka wapi. Mbele yake milango ya vioo ilikuwa wazi, bwawa la kuogelea linametameta, na mlima umejaa wote ndani ya dirisha.

"Kaka? Umejuaje mlango ulipo?"

"Ilikuwa rangi ya kijani," alisema Lucius. "Kuta hizi. Kijani kama ya pilipili hoho."

"Unasema nini?"

"Ozi, Mama alifanya kazi hapa."

Ozella aliliweka boksi la soksi chini. Alimvuta mpaka jikoni, wakakaa kwenye viti virefu. Alijua mama yao Idella alisafisha nyumba za matajiri, nani asiyejua, lakini hakuwahi kutaja nyumba ipi. Mambo ya Palm Springs mama aliyafungia walipohama, kama mtu anavyofunga chumba cha marehemu.

"Una hakika?"

"Mkono wangu una hakika. Mimi mwenyewe nimeshangaa." Lucius alipangusa kipaji cha uso. "Nilikuwa nasukuma hapo chini kwa sababu nilikuwa mfupi. Nilikuwa namfuata siku za likizo nimbebee ndoo. Wewe ulikuwa mdogo, unaachwa kwa Bi Celestina, mwenye kiwanja chetu."

"Endelea."

"Kiangazi huyu Bi Lindqvist hakuwepo. Nani alikaa hapa kiangazi? Wote walikimbilia pwani. Mama akaachiwa ufunguo aje kumwagilia mimea na kufungua mabomba yasikauke. Basi anakuja, anafungua milango hii yote ya vioo. Anavua viatu. Anaweka santuri. Halafu anakaa sakafuni. Sakafuni, Ozi! Mama yetu, ambaye hakutuacha tuegemee ukuta mbele za watu. Anakaa pale, miguu ameinyoosha, anatazama mlima."

"Mama?"

"Alisema humu mtu akivuta pumzi inafika mpaka visiginoni. Aliipenda nyumba hii kama ya kwake. Alikuwa akiipangusa ile nguzo ya chuma hata kama haina vumbi."

Ozella alihisi machozi yanamjia, na hakuyazuia. Alifikiria nyayo zake kwenye terazo kila asubuhi ya zamu. Halafu akamtazama kaka yake vizuri, kwa jicho la muuguzi aliyezoea wagonjwa wanaoficha dalili.

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo hivyo."

"Nakujua, Lucius. Kuna kitu umekiruka."

"Nilikula kiapo."

"Kwa nani?"

"Kwa Mama. Nimeshika Biblia."

"Mama amekufa zamani."

"Biblia haijafa."

"Sema, au nitampigia jirani yako amfungulie paka wako mlango aende zake."

Lucius alitazama huku na huku, akashusha sauti kana kwamba Idella Tarver anapiga pasi chumba cha pili. "Aliogelea."

"Aliogelea wapi?"

"Humo." Alielekeza bwawa kwa kidevu. "Na shumizi yake nyeupe. Mchana, jua la Julai la kuchoma mayai. Aliniambia nikae nyuma ya ukuta wa matofali nitazame barabara, gari likija nipige mluzi."

"Uongo! Mama hakujua kuogelea!"

"Hakujua! Mtu aliyekulia mtoni Louisiana? Alikuwa anakwenda chini kama chupa halafu anaibukia upande ule, anatema maji juu kama nyangumi. Mimi nachungulia kwenye matundu, yeye anacheka. Sijawahi kumwona mama anacheka vile, kabla wala baada."

Ozella alicheka mpaka akashika meza. Mama aliyewavalisha soksi kanisani hata mwezi wa Agosti. Mama aliyempiga kibao kwa kusema neno "suruali" mbele ya mchungaji. Anatema maji kama nyangumi! Lucius naye akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka wageni waliokuwa sebuleni wakaja mlangoni kuona kuna nini. Mara, katikati ya kicheko, akaligeukia bwawa.

"Nilikuwa nimeisahau siku ile," alisema. "Yote. Kila nikiufikiria mji huu unakuja moshi kwanza, unafunika kila kitu. Nikajiambia hakukuwa na kitu kingine."

Ozella alimshika mkono. Hakumwambia kwamba moshi haukuwepo. Ulikuwepo, na yeye pia aliukumbuka, na doli lake lililokuwa ndani.

Kikohozi kikasikika. Efraín alikuwa amesimama na sinia la bilauri za maji ya limau, macho mekundu, na kwa dalili zote hakuanza kusikiliza dakika ile. Nyuma yake Wally alikuwa ameinama chini ya fremu ya mlango.

"Naomba radhi," Efraín alisema. "Mimi nina tabia mbaya ya masikio. Lakini tunafunga milango saa kumi. Baada ya hapo mkiondoka bila kuingia kwenye lile bwawa nitalia mwezi mzima, na huyu hapa ndiye atakayeteseka."

Wally alitikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo.

"Sina nguo ya kuogelea," alisema Lucius.

Wally akaondoka bila neno. Alirudi na kaptura kubwa ya manjano yenye picha za mananasi, akamwekea Lucius magotini, kwa heshima, kama mtu anayekabidhi bendera.

Basi wageni wa mwisho walipoondoka na soksi za karatasi zikazolewa, Ozella aliingia kwenye maji na fulana ya Wally iliyomfika magotini. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Alilala chali, masikio ndani ya maji, akawa haoni kingine ila ncha ya paa, anga, na mlima unaoanza kuwa wa rangi ya waridi kwenye theluji. Alijaribu kumwona mama yake hapo, na ajabu ni kwamba haikuwa kazi ngumu. Shumizi nyeupe imetanuka kama ua. Mikono iliyofua nguo za watu inapasua maji ya watu, na hakuna wa kuiuliza.

Lucius alijitokeza na mananasi yake. Efraín, kwa adabu, aligeukia jiko la mkaa alilokuwa anachomea kuku. Ozella hakuwa na adabu hiyo.

"Miguu gani hiyo, kaka! Kuku wa Efraín wana nafuu!"

"Nyamaza. Maji yana baridi?"

"Yana muuguzi ndani, ukizimia utapona. Ingia!"

Alishuka ngazi moja baada ya nyingine, ameshika chuma, analalamika kila ngazi. Maji yalipomfika kifuani akasimama. Akatazama ukuta wa matofali, ambao jua la jioni lilikuwa linapita kwenye matundu yake. Kisha, mzee yule wa miaka sabini na mitano akajaza mdomo maji, akainua uso juu, akayatema.

"Hivi," alisema. "Ila yeye yalikwenda juu zaidi."

Walikula kuku wamejifunika mataulo, na Lucius akamhadithia Wally habari za injini za mabasi. Ikaonekana Wally si bubu, alikuwa tu hajapata mtu wa kuzungumza naye injini.

Jumapili asubuhi Lucius aliamka mapema, akakaa mezani ameshavaa.

"Nataka kuona pale," alisema.

Ozella hakuuliza wapi. Waliacha gari kando ya barabara pana na kuvuka kwa miguu. Sehemu ya Kumi na Nne imebadilika. Kuna hoteli, kuna jengo jipya la Wakahuila lenye makumbusho na mabafu ya maji ya moto yanayotoka ardhini, maji yaleyale ambayo watu wao walioga tangu enzi na enzi. Lakini bado vimebaki viwanja vitupu vya mchanga, vyenye vile vichaka vya jangwani vinavyonukia mvua hata isiponyesha. Lucius alitembea, akasimama, akaupima mlima kwa macho, akasogea kushoto kidogo.

"Jikoni palikuwa hapa."

"Hapana. Hapo palikuwa na banda la kuku. Jikoni ni kule."

"We ulikuwa na miaka tisa, unajua nini?"

"Nilikuwa naoshwa miguu jikoni, Lucius. Nilikuwa naiona ile ncha ya mlima dirishani. Kule."

Wakabishana juu ya jiko lisilokuwepo, kila mmoja akichora kuta kwa kiatu mchangani, mpaka kiwanja kikajaa mistari na wakawa na nyumba mbili, ya kaka na ya dada. Upepo ukaanza kuzifuta zote. Lucius alikaa juu ya kipande cha zege na kulia kidogo, kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha. Ozella alisimama nyuma yake, mikono kwenye mabega yake, mpaka alipomaliza.

Sauti ya manyanga ikawafikia kutoka upande wa makumbusho. Walisogea. Uwanjani, wanaume wa Kikahuila walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kibuyu chake chenye mbegu, wanaimba zile nyimbo zao za ndege, nyimbo ndefu za safari ya watu wao walipoizunguka dunia kutafuta makao. Wanawake waliovaa magauni yenye utepe walicheza mbele yao, hatua fupifupi, mikono kiunoni. Walikuwepo vijana, watoto, wazee kwenye viti vya kukunja.

Bibi mmoja wa rika lao, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja, aliondoa mkoba wake kwenye kiti ili Ozella akae.

"Mmetoka wapi, jamani?" aliuliza.

Ozella alikuwa anajiandaa kujibu kwa ajili ya wote wawili, kama ilivyo kawaida yake.

"Hapa hapa," alisema Lucius.

Bibi yule aligeuka kumtazama. "Hapa wapi?"

"Hapo." Akaonyesha viwanja. "Tulikaa kwenye kiwanja cha Bi Celestina."

"Celestina mwenye fimbo?"

"Ya mti mchungu!"

"Huyo shangazi yake mama yangu!" Bibi alijipiga paja. "Alikupiga?"

"Alinipiga kwa sababu ya mbuzi."

"Mimi alinipiga kwa sababu ya mbuzi huyohuyo, bila shaka. Yule mbuzi alikuwa shetani." Alijitambulisha kwa jina la Rosinda, akawapa kila mmoja kipande cha mkate wa kukaanga kutoka mfuko wa karatasi, kisha uso wake ukatulia. "Siku ile mlipofukuzwa, shangazi alikaa kitandani hakula. Alisema, wameondoka wale watoto na hakuna aliyeniuliza mimi. Nilisikia hayo mpaka alipokufa."

Lucius aliugeuza mkate mkononi. "Sikujua," alisema. "Tulidhani hakuna aliyejali."

"Alijali. Hakuwa na mdomo wa kusema, alikuwa na fimbo tu."

Waliendelea kukaa. Nyimbo ziliendelea, moja ikiingia kwenye nyingine, na mara kwa mara Rosinda aliwanong'oneza: hapa wanavuka mto, hapa wanamwona tai. Ozella alikula mkate wake taratibu. Jua lilikuwa la kupendeza, mlima ulikuwa karibu hata ungedhani unaweza kuugonga kama mlango, na kaka yake alikuwa anapiga mguu chini kufuata manyanga, bila kujijua, akikosea kila pigo la tatu.

Jumatatu ndege iliondoka bila Lucius. Alimpigia jirani anayemchukia kumwomba amshike paka wiki moja zaidi, na mazungumzo yakawa marefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Ozella akashuku kwamba ile chuki si kubwa kama alivyosema.

Jumanne alipoamka, kitanda cha kaka yake kilikuwa kitupu na kofia haipo. Hofu ilimshika kidogo. Alivaa kanzu juu ya nguo za kulalia, akatoka na kikombe cha kahawa mkononi, akazunguka kona. Alimkuta mtaa wa tatu, amesimama mbele ya kinyumba chenye paa bapa na mlango wa manjano, anabishana na mwanamume asiyemjua mwenye mbwa mdogo.

"Sikia, bwana," Lucius alikuwa anasema, "hilo paa likikaa bapa namna hiyo mvua ikija utafanyaje?"

"Mvua gani, mzee? Tuko jangwani!"

"Hata kama! Maji yana akili. Ila ule ukingo wake, ule unaojitokeza, nakubali. Ule ni mzuri. Unakinga dirisha jua la mchana. Aliyefanya vile alikuwa na kichwa."

"Ngoja uone sehemu ya nyuma ilivyo. Njoo, mwenyewe ni rafiki yangu, hana neno."

Lucius alimwona dada yake, akampungia mkono haraka, kama mtu mwenye shughuli, akamfuata mtu na mbwa wake kupitia lango la pembeni. Ozella alisimama barabarani na kanzu yake, akanywa kahawa. Kisha akawafuata, maana ile sehemu ya nyuma hata yeye alikuwa bado hajaiona.